Kutoka Kuomba hadi Kustahili: Mwanafunzi Mwenye Ulemavu katika Historia ya Vyuo vya Tanzania

Utangulizi

Historia ya elimu ya juu nchini Tanzania imezoeleka kuandikwa kwa kuhesabu vyuo, vitivo na wahitimu. Mwaka 1961 kilifunguliwa Dar es Salaam chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Hesabu hiyo ni sahihi, ila ina pengo. Haielezi ni nani aliyeweza kuupanda mlima huo kwa miguu yake, kusoma ubao kwa macho yake na kusikia mhadhara kwa masikio yake, wala haielezi ilikuwaje kwa yule asiyeweza moja kati ya hayo.

Pengo hilo huonekana vizuri zaidi likitazamwa kutoka mbali na Mlimani. Msata, katika Mkoa wa Pwani, ni njia panda: hapo barabara ya kilomita 64 kutoka Bagamoyo inakutana na barabara kuu itokayo Chalinze kuelekea Segera na mikoa ya kaskazini. Jirani yake ni Msoga, kijiji cha nyumbani kwa Jakaya Mrisho Kikwete, Rais ambaye katika kipindi chake Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu (2009) na kutunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu (2010). Upande wa bahari, Bagamoyo, upo Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, unaowafunza viongozi wa shule. Kwa hiyo kijana wa Msata asiyeona, au kiziwi, au anayetembelea kiti mwendo, yu karibu na chimbuko la sheria na karibu na mahali wanapofundwa wasimamizi wa elimu. Hata hivyo, safari yake ya kwenda chuo kikuu bado ina sharti ambalo mwenzake hana: lazima aombe.

Mhadhara huu unachunguza neno hilo. Hoja yake ni kwamba historia ya mwanafunzi mwenye ulemavu katika vyuo vya Tanzania ni historia ya namna alivyotakiwa kusema ili apate nafasi ya kusoma. Kwanza alisaidiwa bila kuulizwa. Kisha akawa na mahitaji. Baadaye akapewa haki. Lakini mbele ya mlango wa ofisi ya chuo bado anarudishwa kwenye kitenzi cha kwanza.

Enzi ya hisani

Elimu ya watoto wenye ulemavu nchini haikuanzishwa na serikali. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Baada ya uhuru Kanisa Katoliki lilifungua shule ya viziwi Tabora mwaka 1963, na Walutheri wakawa na shule ya wasioona Irente, Lushoto. Katika Dar es Salaam, Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya Matumaini kwa watoto wenye ulemavu wa viungo. Hali ilikuwa hiyo hiyo nchi jirani: shule ya wasioona ya Thika, Kenya, ilianzishwa na Jeshi la Wokovu katika miaka ya 1940.

Majina yenyewe yanasema. Matumaini si jina la haki. Ni jina la huruma. Shule hizo ziliwatoa watu wengi gizani kwa maana zote mbili za neno hilo, na bila shule hizo pasingekuwa na mwanafunzi wa kwanza asiyeona wa kubisha hodi chuo kikuu. Hata hivyo, zilijengwa juu ya msingi wa hisani, na hisani ina tabia yake: mtoaji ndiye anayepima. Mtoto hakuulizwa anahitaji nini. Alipewa nukta nundu, kitanda na chakula, akatakiwa kushukuru.

Mtazamo huo ulikuwa na mizizi pia katika hekima ya Waswahili. Methali inayotajwa mara nyingi panapozungumzwa ulemavu ni "Hujafa hujaumbika". Inamwonya mwenye kucheka kilema cha mwenzake kwamba naye kesho huenda akapatwa. Ni onyo zuri, na limewazuia wengi kutenda uovu. Lakini likichunguzwa, limejengwa juu ya hofu ya anayeambiwa: mtendee mema huyu kwa sababu wewe nawe unaweza kuwa yeye. Ni mantiki ile ile ya "Mchama ago hanyele". Anayeonewa huruma hana sauti ndani ya methali. Yupo kama mfano tu. Chuo kikuu kilichorithi mtazamo huo kingeweza kuwa na moyo mwema kabisa na bado kisijue la kufanya siku mwanafunzi aliposema: "Naomba mtihani huu niletewe kwa nukta nundu."

Kizingiti cha Musoma

Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliweka masharti mapya ya kuingia chuo kikuu. Mhitimu wa kidato cha sita alitakiwa kwanza kupitia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha kufanya kazi, na ndipo apendekezwe kwa mwenendo na bidii yake. Nia ilikuwa kuzuia kuzaliwa kwa tabaka la wasomi wasiojua jasho, nayo ilifuatana na falsafa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, iliyothamini kazi ya mikono.

Azimio hilo halikumtaja mtu mwenye ulemavu, na kutomtaja huko kunaeleza mengi. Sharti la kazi lilidhani kwamba kila kijana anaweza kuajiriwa. Lakini sheria ya kuwalazimisha waajiri kuwapokea watu wenye ulemavu ilikuwa bado haijatungwa. Ilikuja mwaka 1982, baada ya Umoja wa Mataifa kuutangaza mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu. Mwaka huo wa 1982 zilipitishwa sheria mbili: moja ya ajira, iliyowataka waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi watenge asilimia 2 ya nafasi, na nyingine ya matunzo. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa kijana asiyeona aliyefaulu kidato cha sita aliwekewa sharti ambalo jamii haikumpa njia ya kulitimiza. Huu ni mfano wa kizingiti kisichojengwa na mtu mwenye nia mbaya. Kanuni iliyotungwa kwa usawa wa wote ilimsahau mmoja, na kwa kumsahau ikamfungia nje.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kupokea wanafunzi wasioona na kuwawekea huduma maalumu. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, majengo ya Mlimani yalikwisha kujengwa. Ngazi, miteremko na umbali kati ya mabweni, maktaba na kumbi za mihadhara vilikuwa vimepangwa kwa ajili ya mtu mwenye miguu miwili yenye nguvu.

Katika Marekani tatizo kama hilo lilijitokeza mapema zaidi. Mwaka 1962 Ed Roberts, aliyepooza kwa ugonjwa wa polio, alikubaliwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Bweni halikumfaa, naye akalazwa kuishi katika hospitali ya chuo. Yeye na wenzake waliojiunga baadaye hawakuishia kushukuru kwa kupewa chumba; walijipanga wenyewe kuendesha huduma zao. Sheria ya mwaka 1973 ilikataza ubaguzi katika taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu, lakini kanuni za kuitekeleza zilitiwa saini mwaka 1977 tu, baada ya watu wenye ulemavu kukalia ofisi za serikali, hasa San Francisco, kwa majuma kadhaa. Funzo lake kwa historia ya Tanzania ni kwamba sheria na utekelezaji ni vitu viwili, na kati yake huwa pana watu wanaodai.

Jina na mtu

Watu hao walikuwapo Tanzania pia. Chama cha Wasioona Tanzania kilianzishwa mwaka 1964. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, mwaka 1984. Na Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu Tanzania, SHIVYAWATA, mwaka 1992. Kwa mwanafunzi wa lugha, majina ya vyama hivyo ni hati za kihistoria.

Inasemwa mara nyingi kwamba kosa la Kiswahili limo katika ngeli: kipofu, kiziwi, kiwete na kilema yamo katika KI-VI, ngeli ya vitu na ya udogo. Hoja hiyo ina nguvu nusu. Kijana, kiongozi na kinyozi nao wamo humo, wala hawalalamiki. Tena upatanisho wa sentensi humrudishia mtu utu wake: husemwa "kiziwi anasoma", si "kiziwi kinasoma". Tatizo haliko katika kiambishi, bali katika jina moja la kiungo kufanywa jina zima la mtu.

Ndiyo maana vyama havikufuata njia moja. Wasioona walichukua kitenzi kirejeshi cha ukanushi, kinachoeleza hali bila kumfunika mtu. Viziwi walilishika jina la KI-VI kwa makusudi, kwa kuwa kwao uziwi unahusu pia lugha na jumuiya. Neno "zeruzeru" limekataliwa na wahusika, nalo "mwenye ualbino" likachukua nafasi yake. "Walemavu" imeachia nafasi "watu wenye ulemavu", istilahi iliyotumiwa na Sera ya Taifa ya mwaka 2004. Mabadiliko hayo hayakuletwa na kamati ya istilahi. Yaliletwa na wenye majina.

Sheria na lugha yake

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 11, inataja haki ya kujielimisha na ustawi wa mtu katika hali ya ulemavu. Lakini ibara hiyo imo katika sehemu ya malengo na mwelekeo wa shughuli za serikali, ambayo kwa mujibu wa ibara ya 7 haitekelezwi na mahakama. Kwa miongo mingi haki hiyo ilikuwa ahadi isiyo na mlango wa kudaiwa.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006, ulibadili hali hiyo. Ibara yake ya 24 inazitaka nchi kuhakikisha kwamba watu wenye ulemavu wanapata elimu ya juu bila ubaguzi na kwa usawa na wengine, na kwamba wanafanyiwa marekebisho yanayofaa. Mkataba huo unahesabu kukataa marekebisho hayo kuwa ni ubaguzi. Tanzania iliusaini mwaka 2007, ikauridhia mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria Na. 9 ya Watu Wenye Ulemavu. Sheria hiyo iliziondoa zile za 1982 na kupandisha kiwango cha ajira kuwa asilimia 3 kwa waajiri wenye watu 20 au zaidi. Inatambua pia haki ya elimu na mafunzo katika mazingira jumuishi.

Sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Marekebisho ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini yalikuja mwaka 2021. Kwa hiyo wazo kuu la haki hiyo liliingia katika Kiswahili kwa njia ya semina, redio na vyombo vya habari, likiwa na tafsiri nyingi: marekebisho ya kuridhisha, marekebisho stahiki, mazingira wezeshi, huduma maalumu. Tofauti hizo si za mapambo. Huduma maalumu hutolewa na mwenye nazo. Mazingira wezeshi hayana mtu anayewajibika. Marekebisho stahiki yana anayestahili na ana anayepaswa kurekebisha. Istilahi ikiyumba, wajibu nao huyumba.

Shule husema, chuo hungoja

Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, limekuwa na utaratibu unaojulikana kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Asiyeona huandaliwa karatasi ya nukta nundu. Mwenye uoni hafifu huandaliwa maandishi makubwa. Muda wa ziada umewekwa kuwa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mtoto wa Msata haandiki barua kuomba dakika hizo. Shule humsajili pamoja na hali yake, na mkuu wa shule ndiye msemaji wake.

Chuo kikuu hubadili utaratibu huo kimyakimya. Mwanafunzi sasa ni mtu mzima, nacho chuo humngoja ajitokeze. Ni yeye anayetakiwa kujua ofisi inayohusika, kupeleka vyeti, kumweleza kila mhadhiri na kurudia maelezo hayo kila muhula. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, huwapa waombaji wenye ulemavu kipaumbele, na huwataka walete uthibitisho wa mganga wa serikali. Uthibitisho huo una maana yake, kwa kuwa huzuia udanganyifu. Lakini mganga huthibitisha mwili. Hathibitishi kwamba ukumbi uko ghorofa ya tatu, au kwamba mhadhiri huandika ubaoni bila kusoma kwa sauti. Kikwazo kiko ukumbini, ilhali cheti kinaandikwa juu ya mtu.

Hapa kitenzi "kuomba" kinaonesha uzito wake. Katika Kiswahili neno moja linabeba sala, maombi ya kazi, ombi la rafiki kwa rafiki na mkono wa ombaomba wa barabarani. Mwanafunzi asiye na ulemavu anapoomba mkopo, msikilizaji husikia maana ya pili. Mwanafunzi asiyeona anapoomba muda wa ziada, yupo msikilizaji anayesikia maana ya nne. Akibadili neno na kusema "nadai", anaonekana mkali na asiye na adabu mbele ya mwalimu wake, kwa maana kudai katika mazoea ya watu ni neno la deni na la baraza la kesi. Hivyo wengine huchagua kunyamaza, na gharama ya ukimya huonekana katika alama za mtihani.

Kwamba ukimya huo si dalili ya uwezo mdogo, wapo wanaothibitisha. Dkt. Elly Macha, mwanamke asiyeona, aliandika tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leeds juu ya jinsia, ulemavu na elimu nchini Tanzania, akaingia Bungeni mwaka 2015, na kufariki dunia mwaka 2017. Dkt. Abdallah Possi, mwenye ualbino, alikuwa mhadhiri wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dodoma kabla ya kuteuliwa naibu waziri mwaka 2015. Mafanikio yao hutumiwa mara nyingi kama ushahidi kwamba njia iko wazi. Ushahidi huo hautoshi. Njia iliyo wazi hupitwa na watu wa kawaida, si mashujaa peke yao.

Darasa la Kiswahili lenyewe

Wataalamu wa Kiswahili hawako nje ya historia hii. Somo lao lina vikwazo vyake ambavyo hakuna mhandisi wa majengo atakayeviondoa.

Mwanafunzi kiziwi husimama kati ya lugha tatu. Mihadhara mingi ya vyuo vikuu hutolewa kwa Kiingereza. Maisha ya nje ya ukumbi ni ya Kiswahili. Na lugha anayofikiria kwayo ni Lugha ya Alama ya Tanzania. Katika idara ya Kiswahili lugha ya kufundishia ni Kiswahili, lakini mkalimani wa lugha ya alama akikutana na "kiambishi", "kikwamizwa" au "urejeshi" hulazimika kutamka herufi moja moja kwa vidole, au kubuni alama papo hapo. Kamusi za lugha ya alama zilizotolewa tangu miaka ya 1990 na CHAVITA, na baadaye na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zimeweka msingi. Istilahi za isimu na fasihi kwa lugha ya alama zinabaki kuwa kazi ya wanaisimu wenyewe.

Swali la mtihani linalomtaka mwanafunzi atofautishe "barabara" ya kupitia na "barabara" yenye maana ya sawasawa kwa kusikiliza shadda linapima nini kwa mtu kiziwi? Likipima ujuzi wa kanuni ya shadda, linaweza kuulizwa kwa maandishi yenye alama. Likipima sikio, halipimi isimu. Vivyo hivyo katika ushairi: mizani inaweza kuhesabiwa kwa jicho au kwa ncha ya kidole, na vina vinaweza kuonekana katika maandishi. Anayesema kwamba marekebisho hushusha kiwango hajatenganisha bado maarifa na mlango wa kuingilia maarifa.

Kwa asiyeona tatizo liko kwenye vitabu. Mfumo wa nukta sita alioubuni Louis Braille katika miaka ya 1820 unakifaa Kiswahili, kwa kuwa tahajia yake ni ya wazi na haina herufi za kigeni. Lakini kitabu cha nukta nundu huwa kinene mara kadhaa kuliko cha wino, na kamusi moja hugeuka rafu nzima. Programu za kusoma kwa sauti zimepunguza adha hiyo, mradi maandishi yawe ya kidijitali kweli na si picha ya kurasa. Mhadhiri anayegawa nakala za picha hafifu hajamnyima mtu haki kwa kukusudia, lakini amemnyima.

Hitimisho

Nchi jirani zimechukua njia zao. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ilitambua maendeleo ya lugha ya alama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliitaka dola ikuze lugha ya alama na nukta nundu. Tanzania ina mkataba, ina sheria, na tangu 2021 ina Kiswahili kama lugha ya sheria. Kinachokosekana si tamko lingine, bali utaratibu mdogo wenye matokeo makubwa: chuo kumuuliza kila mwanafunzi siku ya usajili anahitaji nini ili asome, kama anavyoulizwa jina na anwani, na jibu lake kuwafikia wahadhiri kabla ya mhadhara wa kwanza.

Utaratibu huo ungehamisha mzigo wa kuanza kusema kutoka kwa mwanafunzi kwenda kwa taasisi, kama mfumo wa mitihani ya shule unavyofanya tayari. Ungempunguzia pia kijana wa Msata uchaguzi mgumu kati ya kuomba kama maskini na kudai kama mgomvi. Kiswahili kina kitenzi cha katikati, nacho ni kustahili. Anayestahili hapigi magoti wala hapazi sauti. Huulizwa, hujibu, na huandaliwa nafasi yake. Kazi ya kukiingiza kitenzi hicho katika fomu za usajili, kanuni za mitihani na miongozo ya wahadhiri inahitaji watu wanaojua uzito wa maneno, na watu hao wamo katika idara za Kiswahili.